CD ya Redio, CD ya Deki

Katika duka la Ami, Ngamiani, Tanga, mteja wa CD alikutana na swali kabla ya bei: unataka ya redio au ya deki? Mgeni aliduwaa. Mwenyeji alijibu bila kufikiri, maana alijua nyumbani kwake kuna nini. CD ya redio ilisomwa na chombo chochote chenye mlango wa CD, hata ile redio kubwa ya mkono iliyonunuliwa enzi kaseti bado zinatamba. Ilibeba nyimbo kumi na tano, kumi na nane hivi, basi. CD ya deki ilijazwa MP3 mia na zaidi, na ilitaka deki ya DVD, au sabufa ya Kichina, au redio ya gari iliyoandikwa MP3 usoni. Zikichanganywa, mteja anarudi jioni amekunja sura, anaiweka CD juu ya kaunta na kusema, "Haiimbi."

Nimekaa sana kwenye kazi ya kuchoma CD, na watu huniuliza niliwezaje kuchagua programu katikati ya utitiri ule wa programu za bure. Nilianzia kwenye swali hilo la redio na deki. Anayelielewa hahangaiki na sura ya programu.

Tofauti yenyewe iko kwenye namna CD inavyogawanywa. CD ya muziki ya Philips na Sony, iliyowekewa kanuni mwaka 1980 na kuanza kuuzwa Japani mwaka 1982, hukatwa vipande 75 kwa kila sekunde, na kila kipande kina baiti 2,352. Ukichoma sauti, baiti zote hizo ni sauti. Ukichoma data, mafaili yako yanapewa baiti 2,048 tu. Nyingi ya zilizobaki ni za ulinzi, za kugundua na kusahihisha makosa pale CD inapochubuka. Ndiyo maana CD ya dakika 80 iliyoandikwa MB 700 ilimeza mafaili ya WAV yanayozidi MB 800 yakichomwa kama sauti, lakini ukitaka kuyahifadhi yale yale kama mafaili, hayaingii. Nimewahi kubishana na vijana wa chuo juu ya jambo hili mpaka ikabidi niwachomee mbele ya macho yao.

Nilianza kazi kwa Ami, ndugu yake baba, mwaka 2005, nilipomaliza kidato cha nne. Duka lilikuwa steshenari: fotokopi, kuchapa barua, picha za pasipoti, na pembeni kompyuta iliyovuliwa ubavu mmoja ili ipate hewa, ndani yake raita ya CD. Boksi la raita lilikuja na Nero, programu ya Wajerumani, toleo lililopunguzwa na lililofungwa kwa raita ile tu. Raita ilipokufa na mpya ikanunuliwa mkononi bila boksi, tukafanya walivyofanya wote mjini. Ililetwa CD ya programu kutoka kwa muuzaji wa barabarani, namba ya leseni imeandikwa kwa biki kwenye ganda. Pamoja na programu kikaja kirusi kilichotengeneza folda bandia kwenye kila flashi ya mteja iliyochomekwa pale, na kwa miezi jina la duka likawa linatajwa kwa ubaya hadi maofisini.

Hata hivyo kirusi hakikumbadilisha Ami. Aliyembadilisha ni ustadhi mmoja aliyekuwa akirekodi mawaidha yake ya Ramadhani na kuyauza kwa faida ya madrasa. Alileta kava la rangi, chini limeandikwa kuwa ni haramu kunakili bila idhini. Akakaa kwenye benchi kusubiri, akaitazama skrini, akauliza hiyo programu tumeinunua wapi. Ami si mtu wa kumdanganya ustadhi.

"Ya barabarani, ustadhi."

Mzee akacheka mpaka kofia ikasogea. "Kwa hiyo mimi naandika haramu juu, nyinyi mnaichoma kwa haramu chini?"

Usiku ule, tunafunga milango, Ami akaniambia, "Tafuta ya bure. Ya bure ya halali, unanielewa?" Kununua halikuwa jambo la kujadili. Programu ile iliuzwa kwa dola na kwa kadi ya benki, na ukoo wetu mzima haukuwa na kadi ya namna hiyo.

Na tusijifanye hatujui. Mjini walikuwapo waliochoma albamu za watu mchana kweupe, ilhali sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikuwa imeshaiunda COSOTA, chama cha hakimiliki. Ami alizikataa kazi hizo. Uchamungu ulichangia, lakini sababu kubwa ni kwamba huu ni mji uliotoa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star. Wapiga taarabu walikuwa jirani zake, anasali nao, anawazika. Huwezi kumchomea mtu wimbo wa jirani yako halafu ukakutana naye kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo kazi zetu zilikuwa mawaidha, kaswida, kwaya za makanisa mawili matatu, harusi, na kaseti za zamani ambazo wenyewe walitaka ziokolewe.

Programu ya bure ya kwanza tulikuwa nayo tayari. Windows XP, tangu ilipotoka mwaka 2001, ilikuwa na uwezo wa kuchoma, sehemu ambayo Microsoft iliichukua kwa leseni kutoka Roxio. Unaburuta mafaili, unabonyeza, inachoma. Kwa CD ya deki ilitosha kabisa, na hadi leo naona wengi walihangaika kutafuta programu wakati hawakuihitaji. Lakini ilikuwa haikuulizi kitu, na kazi za ustadhi zilihitaji mtu aulizwe.

Mawaidha ya saa nzima huwezi kuyaweka kama wimbo mmoja. Msikilizaji akizima redio kwenye dakika ya arobaini, kesho anaanza upya. Inabidi uyakate vipande vya dakika tano tano. Sasa programu ikichoma kipande kimoja kimoja, leza inazimwa kila mwisho wa kipande na katikati hubaki sekunde mbili za kimya. Kwa Bongo Fleva nani atajali? Kwa mawaidha ni balaa, hata ukiwa umekata pale ustadhi anapovuta pumzi. Msikitini hakuna kimya. Kuna feni, kuna kikohozi, kuna watoto nje wanaogombana, kuna pikipiki inayopita. Vyote hivyo vinakatika ghafla, sekunde mbili za kaburini, halafu vinarudi ghafla, na msikilizaji anadhani CD imeharibika. Dawa yake ni kuchoma CD yote kwa mkupuo mmoja, leza isizimwe kati ya kipande na kipande, orodha yote ikiwa imeshapangwa. Hapo ndipo programu za bure zilipoanza kutengana. Nyingine hazikuwa na uwezo huo kabisa. Nyingine zilikuwa nao, zikauficha mahali ambapo mtu wa kawaida hafiki.

CDBurnerXP ilikuwa nao mahali pa wazi. Haikuwa programu huria, msimbo wake haukuwa wazi kwa watu, lakini ilitolewa bure kwa watu na kwa biashara, na hilo ndilo Ami alilotaka kusikia. Shida yake ni kwamba toleo la nne lilidai kwanza uweke .NET ya Microsoft, faili la zaidi ya MB 20. Leo MB 20 ni video ya shangazi anayetakia watu Ijumaa njema. Kwenye kafe ya intaneti ya Tanga ya wakati ule zilikula mchana mzima, na umeme ukikatika kwenye asilimia tisini unaanza moja na hela imekwenda.

InfraRecorder ilikuwa kinyume chake: ndogo, huria kwa leseni ya GPL, na kulikuwa na toleo linaloendeshwa kutoka kwenye flashi bila kuliweka ndani ya kompyuta. Hiyo niliizungusha mjini kwa kila aliyeniomba. Sura yake haikuwa na mvuto. Vijana waliozoea madirisha yanayong'aa waliiona ya kizee.

Iliyonishika moyo ni ImgBurn. Aliyeiandika anajulikana kwa jina la LIGHTNING UK!, mtu yule yule aliyekuwa na DVD Decrypter mpaka aliposhinikizwa kisheria kuiacha mwaka 2005. ImgBurn nayo ilikuwa bure bila kuwa huria. Ilikuwa na dirisha la pili dogo linaloandika kila inachokifanya: saa, raita ipi, CD ya aina gani, kasi uliyoomba, kasi uliyopata. Ikimaliza inaisoma CD nzima upya na kuilinganisha na ulichoipa, kisha inapiga muziki mfupi ambao wateja waliuzoea hata wakawa wanasimama kabla sijawaita. Mstari mmoja wa dirisha lile ulitufumbua macho. CD tupu tulikuwa tunazinunua kwa pakiti ya hamsini, kwenye kile kijiti cha plastiki, ganda limeandikwa jina kubwa. ImgBurn ilisoma alama ambayo kiwanda huiweka ndani ya CD yenyewe, ambayo haifutwi kwa kubandika karatasi, ikataja kiwanda kingine kabisa. Tukaanza kuelewa kwa nini pakiti moja inadumu na nyingine inafifia kabla ya Idi. Ami akawa haendi tena kununua CD bila kuomba moja ya kujaribu. Anaigeuza kwenye jua kutazama rangi ya tumbo, kijani hafifu au bluu nzito, anairudisha dukani, naiweka kwenye raita, tunasoma mstari ule mmoja pamoja.

Kuanzia hapo kipimo changu kikawa hicho. Programu ya kuchoma inapewa kitu kisichoonekana kwa macho, inakwambia imekiandika mahali pasipoonekana kwa macho. Kama haikuonyeshi ilichofanya, unamwamini mtu usiyemjua. Kulikuwa na programu moja ya bure, nzuri ya sura, iliyokuwa inasema "imefanikiwa" hata kwa CD ambayo haikufunguka popote. Nyingine ilileta pamoja nayo kitafutio kigeni na matangazo yaliyochipuka kwenye kila ukurasa. Hizo niliziondoa bila kuaga.

Mgao wa umeme wa mwaka 2006 uliikuta kazi hii ikiwa imechanganya. Raita haipendi kusubirishwa: kompyuta inaipa data kupitia hifadhi ndogo, nayo inachoma bila kusimama, sawasawa na mpika chapati na msukumaji wake, msukumaji akichelewa, chuma kinaungua bila kitu. Zamani ikitokea hivyo CD ilikuwa imekufa. Sanyo walileta BURN-Proof mwaka 2000, na wengine wakafuata kwa majina yao: raita inasimama pale ilipoishiwa, data ikija inaendelea kutoka pale pale. Lakini hakuna BURN-Proof ya umeme kukatika. Tukawa tunachoma kwa jenereta, kazi zote zikikusanywa saa za jioni, na swali likawa je, tuhakiki kila CD au tusihakiki, maana kuhakiki kunakaribia kuongeza muda maradufu na petroli inalipiwa. Tulikubaliana: za ustadhi zinahakikiwa, za harusi zinahakikiwa, za dereva wa daladala anayetaka MP3 za kufukuzia usingizi, atarudi mwenyewe kama kuna tatizo.

Kaseti zilikuwa kazi ya peke yake. Waya kutoka kwenye deki ya kaseti hadi tundu la nyuma la kompyuta, na Audacity, programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Dakika moja ya sauti safi ni karibu MB 10; upande mmoja wa kaseti ya dakika 60 ni MB 300. Unaiona sauti imechorwa, unajua kuimba kumeanza wapi na kupiga makofi kumeishia wapi. Kaseti ya dakika 90 ndiyo ilikuwa na kesi, kwa sababu CD inaishia 80. Wenye kaseti hawakupenda kusikia hilo. Bi mmoja wa Chumbageni alileta kaseti ya harusi yake mwenyewe, pande zote zimejaa. Nilimwambia itabidi CD mbili, au tupunguze dakika kumi. Akakaa akaisikiliza yote, hedifoni kichwani juu ya mtandio, akinyanyua kidole kila alipotaka nisimamishe. Mwisho akasema, "Hotuba ya shemeji iondoe, mwanangu. Hata siku ile hakuna aliyeisikiliza." Ikatosha.

Ubuntu, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, iliingia dukani kwa posta. Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, ilikuwa inamtumia CD za Ubuntu yeyote aliyeziomba, hata gharama ya posta inalipiwa. Utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 2011. Sisi tuliokuwa tunahesabu faida kwa CD moja moja tulishindwa kuelewa. CD zimechapwa, zina ganda, zimevuka bahari, bei hakuna. Ami alizigeuza geuza akauliza wanapata wapi hela. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Brasero, programu ya kuchoma, ilikuja ndani ya Ubuntu 8.04, Aprili 2008. Nyepesi, imetulia, haina maneno mengi. Mdogo wangu aliitumia kuwachomea wateja bila kufundishwa. Mimi roho yangu ilikwenda kwa K3b ya Sebastian Trüg, iliyofikia toleo la 1.0 Machi 2007. Kuipata ilikuwa kazi, kwani imejengwa juu ya mazingira ya eneokazi ya KDE na Ubuntu ya kawaida ni ya GNOME, kwa hiyo ukiiomba yenyewe inakuja na ukoo wake wote. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulikuwa haujafika. Ulifika Dar es Salaam Julai 2009. Nilimpa binamu aliyekuwa akisoma Dar flashi na orodha ya mafaili, akanirudishia kwa basi.

Halafu nayo ikagoma MP3. Mbinu ya MP3 ilikuwa chini ya hataza, na Ubuntu haikuiweka ndani kwa sababu hiyo; ilibidi uiongeze mwenyewe kama kifurushi cha pembeni. Leseni za hataza hizo zilifikia mwisho mwaka 2017, wakati ambao kwetu hakuna tena aliyejali. Kwa hiyo programu huria kuliko zote tulizonazo, siku ya kwanza, haikuweza kutengeneza CD ya redio kutokana na MP3. Ami alinitazama tu.

Ilipokubali sikugeuka nyuma. K3b ilikuuliza yote: kwa mkupuo au kimoja kimoja, kimya kiwe sekunde ngapi kati ya kipande na kipande, majina ya vipande yaandikwe ndani ya CD au la, ihakiki au isihakiki. Na kulikuwa na kitufe cha kuonyesha kinachoendelea kwa ndani. Nilipokibonyeza nikaona kumbe K3b yenyewe haichomi. Inawaita wengine: mkisofs inapanga mafaili, cdrecord inachoma, cdrdao inashughulikia CD za sauti za mkupuo mmoja. Cdrecord ni kazi ya Jörg Schilling wa Ujerumani, tangu 1996. Mwaka 2006 aliihamishia sehemu ya kazi yake kwenye leseni nyingine, Debian, mfumo ambao Ubuntu imejengwa juu yake, wakasema leseni hizo mbili hazikai pamoja, wakachukua toleo la nyuma na kuanzisha lao, wodim. Ukiandika cdrecord kwenye Ubuntu, aliyeitika ni wodim. Schilling hakukubali jambo hilo mpaka alipofariki Oktoba 2021. Na ile InfraRecorder niliyokuwa nawagawia watu kwenye flashi, chini yake ni cdrtools za Schilling vile vile. Nikaacha kuzihesabu programu kwa majina. Dazeni nzima za programu za bure zilikuwa milango tofauti ya mafundi wachache wale wale.

Sura ya mlango lakini ilikuwa na maana kwa majina ya mafaili. Kanuni ya zamani ya ISO 9660, katika daraja lake la chini, inataka herufi nane na tatu za kiambishi, zote kubwa. Joliet ya Microsoft iliruhusu herufi 64. Kompyuta inasoma Joliet. Deki nyingi za bei rahisi hazikujishughulisha. Ukichoma "Mawaidha ya usiku wa ishirini na saba" bila kufikiria, kwenye runinga ya mteja yanatokea MAWAIDH1, MAWAIDH2, MAWAIDH3, mpaka mwisho, na mzee hajui aanze na ipi. Tukawa tunaanza kila jina na namba: 01, 02, 03. Hadi leo nikiona flashi ya mtu mafaili yake yameanza na namba najua ni mtu wa zama zile.

Windows Vista ya mwaka 2007 ilileta jambo lake. Ukiweka CD tupu inakupa njia mbili, na ile inayokuja imechaguliwa tayari inaifanya CD iwe na tabia ya flashi, unaongeza faili leo, unaongeza kesho. Kwenye deki hiyo haisomeki. Wateja waliochoma wenyewe nyumbani walianza kuja na CD zao wakitaka zitazamwe, na tukapata riziki mpya ya kuhamisha kutoka CD kwenda CD.

Riziki ile haikukaa. Memori kadi za simu ziliingia, vibanda vya kurushia nyimbo vikaota kila kona, na sabufa zikaja na tundu la flashi mbele. Hakukuwa na siku moja ya kusema leo CD imekufa. Pakiti ya hamsini iliyokuwa inaisha kwa juma ikawa ya mwezi, kisha ikawa inakusanya vumbi. ImgBurn ilitoa toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, Juni 2013. Ubuntu ya Aprili 2016 ikaja bila Brasero ndani. Duka nalo sasa linaishi kwa miamala ya simu na fotokopi, Ami amestaafu, anakuja tu kukosoa.

Lakini raita bado ipo, na K3b bado ipo, maana kazi imegeuka. Sasa watu wanaleta CD walizochomewa, wanataka zitolewe kabla hazijafa. Joto la huku na unyevu wa bahari vimezila. Nyingine ukizishika kwenye mwanga unaona vitobo. Kwa CD za data natumia ddrescue, inayochukua kwanza kilicho rahisi, inaandika mahali palipogoma, kisha inarudi kupahangaikia. Kwa za sauti natumia cdparanoia, inayosoma mahali pamoja mara kadhaa mpaka majibu yalingane. Watoto wa yule ustadhi walileta boksi zima, Mungu amrehemu. Na zile baiti 304 zilizobaki katika kila kipande cha data zilionyesha kazi yake: MP3 alizochomewa kama akiba, CD ya deki, nyingi zimetoka salama mpaka herufi ya mwisho. CD za redio, zile tulizojivunia, za mkupuo mmoja bila kimya, zimetoka na mikwaruzo ambayo hakuna programu itakayoiondoa, kwa sababu pale hapakuwa na nafasi ya ulinzi huo wa ziada. Ningekuwa nachoma mawaidha leo ningempa kila mtu mbili mbili, moja ya kusikiliza, moja ya kuweka.

Wanaotaka CD mpya ni wenye magari yaliyotumika kutoka Japani. Redio zake nyingi za FM zinaanzia 76 na kuishia 90, vituo vyetu vingi viko juu ya hapo, tundu la USB hakuna, maandishi yote ya Kijapani. Kinachobaki ni mlango wa CD. Majuzi alikuja kijana na Toyota yake, ana mawaidha na kaswida kwenye simu, saa tatu nzima. Nikamwambia redio yake si ya MP3, ni dakika 80 kwa CD.

"Kaka, mbona kuna mlango mwingine chini yake? Umeandikwa MD."

"MD ni kitu kingine, siwezi kuichoma."

"Hata kwa programu ya kulipia?"

"Hata kwa hiyo."

Akaihesabu vidoleni saa tatu ile, akasema basi nimfanyie CD mbili, nyingine zikikosa nafasi niache za mwisho.